Fonti ya msimbo na fonti ya skrini ya dukani: je, moja inatosha?

Swali: Mimi ni kijana ninayejifunza kuandika programu hapa Kisumu. Ninamtengenezea shangazi yangu programu ya mauzo na ya kuhesabu bidhaa katika agroveti yake kule Ahero. Kipakatalishi changu ni kidogo, skrini yake ni pikseli 1366 kwa 768. Naomba unishauri fonti safi ya herufi zenye upana mmoja, isiyo na madoido, ambayo nitaandikia msimbo. Je, naweza kuitumia hiyohiyo kwa maandishi yote ambayo shangazi na msaidizi wake watayasoma kwenye skrini? Mimi naona inapendeza.

Jibu: Ndugu msomaji, nitaanza na majibu yenyewe ili usisubiri. Kwa kuandikia msimbo, pakua Source Code Pro, au JetBrains Mono ukiona ya kwanza inakuchosha macho. Zote mbili ni za bure. Kwa skrini ya shangazi, usiitandaze fonti ya namna hiyo kila mahali. Iweke pale tu ambapo msomaji hulazimika kutazama herufi moja baada ya nyingine, yaani kwenye namba za malipo, namba za simu, bei na vipimo vya dawa, na sentensi za kawaida uziandike kwa fonti ambayo kila herufi ina upana wake wa asili. Sababu zake ni ndefu kuliko jibu, na nyingi utazikuta kwenye rafu za agroveti hiyohiyo.

Katika fonti za vitabu na magazeti, herufi i hukaa mahali pafinyu na m hukaa mahali papana, kila moja kwa kadiri ya umbo lake. Katika fonti ya upana mmoja, zote hupewa chumba cha ukubwa uleule. Utaratibu huo hawakuubuni watu wa kompyuta. Ulitoka kwenye taipureta, ambayo kigari chake kilisogea hatua ileile kila kitufe kilipobonyezwa, kwa kawaida herufi 10 au 12 kwa inchi moja. Courier, ambayo bila shaka umeiona, ilichorwa na Howard Kettler mwaka 1955 kwa ajili ya taipureta za IBM, na ina vijiguu kwenye ncha za herufi ambavyo wachoraji huviita serifu. Unayoitafuta wewe ni ya kizazi cha baadaye, ambayo ina mpangilio uleule wa vyumba lakini vijiguu vimeondolewa isipokuwa pale vinapohitajika.

Mimi mwenyewe nilijifunza kupiga chapa mjini Nakuru, kwenye taipureta ambayo haikuwa na kitufe cha tarakimu 1. Haikuwa mbovu, mashine nyingi za zamani ziliundwa hivyo, na mwalimu wetu alitufundisha kubonyeza herufi ndogo l mahali pa moja. Kwenye karatasi hakuna aliyeweza kuona tofauti. Miaka mingi baadaye, katika ofisi fulani, niliketi alasiri nzima na mhasibu tukitafuta kwa nini jumla ya safu moja ilikuwa pungufu, hadi tulipogundua kwamba karani aliyefunzwa kama nilivyofunzwa mimi alikuwa ameandika l50 badala ya 150. Sisi tulisoma mia moja na hamsini. Kompyuta iliona neno, ikaliruka. Fonti iliyokuwa kwenye mashine ile ilichora l na 1 kama mapacha, na hata baada ya kuambiwa kosa liko wapi, mhasibu aliinamia skrini kwa muda kabla ya kukubali.

Sasa fikiria rafu ya shangazi. Kuna chupa ya dawa ya kupe ya lita moja, na wewe umeandika 1l. Kuna ya mililita mia moja, umeandika 100ml. Alama ya lita kwa herufi ndogo ilikuwa ikigongana na tarakimu moja kiasi kwamba mwaka 1979 Mkutano Mkuu wa Uzani na Vipimo, ambao ndio unaosimamia vipimo vya kimataifa, uliruhusu herufi kubwa L itumike pia. Ruhusa hiyo itumie: andika 1L na utakuwa umeondoa tatizo moja kabla hata ya kuchagua fonti. Lakini L haitakusaidia kwenye namba ya bechi ya chanjo wala kwenye namba ya muamala wa M-Pesa, ambayo ina vibambo kumi vinavyochanganya herufi kubwa na tarakimu, na ambayo msaidizi wa dukani huisoma kutoka kwenye simu ya mteja huku watu watatu wamepanga foleni.

Ndiyo maana nakuomba usiichague fonti kwa kutazama bango la mchoraji wake. Fungua kihariri chako, andika mstari huu, kisha urudi nyuma hatua mbili:

O0 l1I B8 S5 Z2 rn m ' ’

Fonti inayokufaa ni ile ambayo utaweza kuusoma mstari huo kwa sauti bila kukisia. Katika Source Code Pro, sifuri ina nukta katikati, herufi l ina mkia uliopinda kuelekea kulia, na tarakimu 1 ina bendera juu na msingi chini. Consolas, ambayo Lucas de Groot aliichorea Microsoft na ambayo ilitoka pamoja na Windows Vista, huikata sifuri kwa mkwaju, yaani mstari wa mshazari. Nukta au mkwaju, vyote ni sawa, ingawa mimi napendelea nukta kwa skrini atakayoisoma mtu asiyeandika programu, kwa sababu mkwaju ndani ya duara huweza kumfanya adhani kwamba kiasi kimefutwa.

Utaona pia kwamba hata fonti inayojiita haina serifu bado imeiachia i kijiguu chake cha chini. Mchoraji hakusahau. Herufi i ni nyembamba, na ikiachwa peke yake ndani ya chumba kipana, huzungukwa na weupe mwingi, neno likaonekana limetoboka. Kijiguu kinajaza chumba. Upande wa pili kuna m, ambayo ina miguu mitatu na inalazimishwa kuingia katika chumba kilekile. Baadhi ya wachoraji huufupisha mguu wa katikati ili usiwe mlingoti mweusi. Kiswahili chetu huzijaribu herufi hizi mbili kuliko Kiingereza kinavyozijaribu, maana m hutuanzia majina mengi ya vitu na i hujitokeza mara kwa mara katikati ya vitenzi. Andika mmomonyoko, kisha ililimiwa. Fonti dhaifu italifanya neno la kwanza liwe doa la wino na la pili liwe ua wa miti iliyopandwa mbalimbali.

Tukija kwenye ritifaa, nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ni mahali ambapo programu yako itavunjika na hutajua kwa nini. Orodha ya bidhaa za agroveti haiwezi kumaliza mistari mitano bila ng'ombe kutokea. Alama iliyo katikati ya neno hilo, ukiibonyeza kwenye kibodi ya kompyuta, ni ritifaa iliyonyooka, ambayo namba yake katika Unicode, orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba, ni U+0027. Lakini lugha nyingi za programu, pamoja na SQL utakayoulizia hifadhidata, hutumia alama hiyohiyo kufungua na kufunga maneno. Ukiandika 'Dawa ya ng'ombe' moja kwa moja ndani ya ulizo, hifadhidata itafikiri maneno yameishia kwenye ng, kisha itakutana na ombe na kulalamika. Dawa ya ugonjwa huo ni kuyapitisha maneno kama vigezo, yaani kuyatuma kando na ulizo, badala ya kuyashona ndani yake, na hilo ulifanye hata kama orodha yako haina ng'ombe hata mmoja, kwa sababu za usalama. Fonti haitakutibia kosa hilo. Itakachofanya ni kukuonyesha lilipo.

Kuna jingine lililojificha zaidi. Shangazi akiandika jina la bidhaa kwenye simu, au akilinakili kutoka kwenye waraka, huenda ritifaa ikageuzwa kuwa ile iliyopinda, yaani U+2019. Kwa msomaji ni ng'ombe yuleyule. Kwa kompyuta, ng'ombe na ng’ombe ni maneno mawili, na anayemtafuta wa kwanza hatampata wa pili. Utakuta bidhaa moja imeorodheshwa mara mbili, huku ikiwa na chupa nane na huku chupa tatu, na shangazi ataamini kwamba programu yako inamwibia. Katika fonti nzuri ya msimbo, ritifaa iliyonyooka ni kijiti kilichosimama wima na ile iliyopinda ina kichwa na mkia kama mkato ulioinuliwa. Katika fonti mbovu zote mbili ni kinyesi cha nzi. Ndiyo sababu nimekuwekea zote mbili mwishoni mwa mstari ule wa majaribio. Kisha amua kwamba programu itageuza kila ritifaa iliyopinda kuwa iliyonyooka kabla ya kuhifadhi neno lolote. Dholuo nacho kina ng' yake, na vilevile Kibukusu, kwa hiyo majina ya wateja wako yatafaidika pamoja na ng'ombe.

Kwa jirani zako wa upande wa Nakuru kuna herufi mbili zaidi. Gĩkũyũ huandikwa kwa ĩ na ũ, zenye kiwimbi juu, na herufi hizo hazimo katika orodha ya zamani ya Latin-1 ambayo fonti nyingi za awali ziliishia hapo. Fonti isipokuwa na ũ, kompyuta haikuachi mikono mitupu. Huikopa kutoka fonti nyingine iliyo karibu. Ile ya kukopwa aghalabu ina upana tofauti, na palepale safu zako zilizonyooka huanza kuyumba kila mahali lilipo jina la Mũthoni. Mbinu yangu ya kulijua hilo bila kujaribu kila fonti ni ya mzunguko kidogo: Kivietinamu nacho hutumia ĩ na ũ, kwa hiyo fonti inayotangaza kwamba inakidhi Kivietinamu lazima itakuwa nazo. Source Code Pro inakidhi, na JetBrains Mono pia.

Kuhusu skrini yako ndogo, hapa ni hesabu tu. Herufi ya Source Code Pro, na vilevile ya JetBrains Mono, huchukua upana wa 0.6 ya ukubwa wa fonti. Ukiweka ukubwa wa pikseli 14, kila herufi hula pikseli 8.4, na upana wako wa 1366 unatosha herufi 162. Ondoa orodha ya mafaili pembeni, unabaki na dirisha moja lenye nafasi tele, lakini si madirisha mawili ya herufi 80 kila moja. Ukitaka mawili, utashuka hadi pikseli 12, na hapo macho yako ndiyo yatakayolipa. Inconsolata, aliyoichora Raph Levien, ina chumba chembamba zaidi, 0.5 tu ya ukubwa wake, na kwa pikseli 14 ingekupa herufi 195. Nimeitumia kwa miaka na sina neno baya juu yake, ila wewe ndiyo kwanza unaanza, na anayeanza hufaidika na herufi kubwa kuliko na dirisha la pili. Hiyo namba 80, kama umewahi kujiuliza, ni ya tangu 1928, mwaka ambao IBM ilitoa kadi ya kutobolewa yenye safu 80. Kadi zimekwisha, nasi bado tunakata mistari palepale.

Tofauti kati ya fonti zangu mbili ni hii. Source Code Pro ilichorwa na Paul D. Hunt wa Adobe na kutolewa mwaka 2012. Ni tulivu, ina hewa, na inakaa vizuri kwenye ukubwa wa wastani. JetBrains Mono ilitoka mwaka 2020, na mchoraji wake aliziinua herufi ndogo ziwe ndefu kuliko kawaida, hivyo kwa ukubwa uleule wa pikseli huonekana kubwa zaidi. Kwenye skrini hafifu, isiyo na pikseli nyingi kwa inchi, urefu huo ni msaada. JetBrains Mono ina pia tabia ya kuunganisha alama, kwa mfano mshangao ukifuatwa na alama ya usawa huchorwa kama alama moja ya kutolingana. Wengine huipenda sana. Wewe izime kwa sasa. Anayejifunza anapaswa kuona hasa kilichoandikwa kwenye faili.

Sasa nije kwa shangazi. Unasema fonti ya upana mmoja inapendeza, nami sikatai; ina haiba ya chumba cha mitambo. Lakini msomaji wa kawaida hatazami herufi moja baada ya nyingine, hutambua herufi kadhaa za neno kwa pamoja, na tofauti za upana kati yake humrahisishia kazi kidogo. Ukizisawazisha, unamnyang'anya msaada huo. Sentensi fupi ataimaliza. Ujumbe wa mistari mitatu unaomweleza kwa nini bidhaa haiwezi kufutwa ataupita bila kuusoma, kisha atakupigia simu. Kuna pia suala la nafasi. Kitufe kinachosema "Hifadhi mabadiliko" kina vibambo 18 pamoja na pengo. Kwa pikseli 16, fonti ya upana mmoja itahitaji pikseli 173 kwa maneno tu, bila kingo, na kwenye simu yenye upana wa pikseli 360 hiyo ni karibu nusu ya skrini kwa kitufe kimoja. Maneno yetu ni marefu, na fonti hizi huyatoza kodi kila herufi.

Kwa sentensi, vitufe na vichwa, tumia Source Sans. Ni kazi ya Paul D. Hunt pia, na Source Code Pro ilijengwa juu ya mifupa yake, kwa hiyo zikikaa pamoja kwenye mstari mmoja zinaonekana ni ndugu wa tumbo moja. Namba ya muamala ndani ya sentensi iweke kwa Source Code Pro, nayo itajitenga kidogo na maneno yanayoizunguka, jambo ambalo ndilo tunalolitaka. Kwa safu za bei, una njia mbili. Unaweza kutumia fonti ya msimbo, au ukabaki na Source Sans na kuiamuru itumie tarakimu za upana mmoja, ambazo imebeba ndani yake. Katika CSS, lugha ya kupangia mwonekano wa kurasa, amri hiyo ni font-variant-numeric yenye thamani tabular-nums. Mimi ningechagua ya pili. Mamia yatakaa chini ya mamia, na ukurasa hautaonekana kama benki ya mwaka 1985.

Leseni nitaisema kwa haraka. Fonti zote nilizokupendekezea ziko chini ya leseni ya SIL Open Font License, ambayo inakuruhusu kuzitumia, kuzifunga ndani ya programu na kuzisambaza pamoja nayo. Usichoruhusiwa ni kuiuza fonti peke yake. Consolas si hivyo. Inakuja na Windows na utaitumia kwenye kihariri chako bila shida, lakini usiinakili kwenye programu ya shangazi. Na mafaili ya fonti yaweke ndani ya programu yenyewe, usiyavute kutoka kwenye mtandao kila ukurasa unapofunguliwa, kwa sababu siku mtandao utakapopotea Ahero ndiyo siku ambayo kompyuta itarudi kwenye fonti yake ya kawaida, na l na 1 zitakuwa mapacha tena.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza, nalo ni risiti. Mashine nyingi ndogo za risiti zinazotumia karatasi ya milimita 58 huchapisha nukta 384 kwa upana, na fonti iliyomo ndani ya mashine hupewa nukta 12 kwa kila herufi, yaani herufi 32 kwa mstari. Za milimita 80 zina nukta 576, sawa na herufi 48. Huko huchagui fonti. Mashine ina yake, na ni ya upana mmoja. Kwa hiyo risiti ipange kwanza kwenye kihariri chako, palepale kwenye Source Code Pro, nawe utaona hasa itakavyotoka. Ukitenga nafasi 16 za jina, 4 za idadi na 12 za bei, mstari umejaa. Angalia ile ritifaa iliyopinda hapa pia: katika UTF-8, namna ambayo kompyuta nyingi huhifadhi maandishi, hushika baiti tatu, na mashine nyingi za bei nafuu husoma kila baiti kama herufi, hivyo ng’ombe wako atatoka na takataka tatu katikati na bei yake itasukumwa nafasi mbili kulia. Iliyonyooka ni baiti moja, na safu haitikisiki.

Kisha pima majina. "Dawa ya ng'ombe" ni vibambo 15, inaingia. "Mbegu za mahindi" ni 16, inajaa pomoni. "Mbolea ya kukuzia" ni 17, na herufi ya mwisho itaangukia kwenye safu ya idadi. Usiikate kwa programu ikabaki "kukuzi". Muulize shangazi wateja wake huiitaje wanapoegemea kaunta, na yamkini atakujibu kwa herufi tatu: CAN.